Dereva aliyembeba mnyang'anyi naye ni mnyang'anyi? Kifungu cha 22 kinanichanganya

Ngalawa Kavu #1

Wakuu, salaam.

Kijana wa dada yangu ni bodaboda. Usiku mmoja alipakia mshikaki, abiria wawili wanaume. Njiani mmoja akamwambia asimame, akashuka: "Nisubiri hapo, usizime." Akaingia uchochoroni. Kitambo kidogo akarudi mbio na mkoba wa kike, akadandia, "ondoa, ondoa!" Kijana akaondoa. Hawakufika mbali, bodaboda wenzake wakawazingira. Mwenye mkoba akaruka, akapotea gizani, mpaka leo hajulikani aliko. Wakabaki kijana, abiria wa pili na pikipiki.

Hati ya mashtaka imesomwa: unyang'anyi wa kutumia silaha, maana mama aliyeporwa anasema alitishiwa panga. Dhamana hakuna.

Hoja yangu: kijana hakushika panga, hakuingia uchochoroni, hakumgusa yule mama. Kama amekosea, ashtakiwe kwa "kusaidia". Iweje awekwe kundi moja na mwenye panga? Tena mwenye panga mwenyewe hajakamatwa! Anamsaidia nani sasa?

Wanasheria karibuni.

Chura wa Bondeni #2

"Usizime." Mleta mada, hilo neno moja litamgharimu mpwa wako. Abiria wa kawaida anayekwenda kumwona mgonjwa hakwambii usizime.

Mpambe Nuksi #3

Chura, wewe ukipanda boda ukamwambia asizime kwa sababu starter yake mbovu, tukufunge?

Sura ya 16 #4

Niweke sheria mezani kwanza, halafu mpigane.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 22(1). Kosa likitendeka, watu wa aina nne wanahesabiwa kuwa wote wametenda. (a) aliyelitenda kwa mkono wake. (B) aliyefanya au kuacha kufanya jambo kwa kusudi la kumwezesha au kumsaidia mwingine alitende. (C) anayemsaidia au kumtia nguvu mwingine wakati wa kulitenda. (D) aliyemshauri au kumtuma mwingine alitende.

Mleta mada, jibu lako la kwanza limo humo. Kifungu kinasema mtu wa namna hii anaweza kushtakiwa kuwa ndiye aliyetenda kosa. Hakuna kosa la pembeni linaloitwa "kusaidia unyang'anyi" lenye adhabu yake ndogo. Aliyesubiri nje pikipiki ikiunguruma na aliyeshika panga wanasomewa shtaka lile lile la kifungu cha 287A, na adhabu yake haipungui miaka 30. Ikithibitika alisaidia, hakimu hana nafasi ya kusema "wewe ulikuwa dereva tu, nakupa mitano".

Jibu la pili: mtendaji mkuu si lazima akamatwe. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba unyang'anyi ulitokea na kwamba huyu alishiriki. Mwenye panga anaweza kuwa amekimbia, amekufa au hajulikani hata jina. Lakini kosa lenyewe lisipothibitishwa, msaidizi hana alichosaidia, naye anatoka.

Ngalawa Kavu #5

Asante mkuu. Ila roho imezidi kwenda mbio. Miaka 30 kwa nauli ya usiku mmoja?

Sura ya 16 #6

Nimesema ikithibitika. Soma tena (b): "kwa kusudi la". Hapo ndipo kesi ya kijana wako itakapoamuliwa.

Afande Mstaafu #7

Nimepeleleza kesi za namna hii. Niwaambie tunavyoziangalia, msibaki kwenye vitabu tu.

Kila dereva anasema hakujua. Wa kweli anasema hivyo, na wa uongo anasema hivyo hivyo. Kwa hiyo mpelelezi hatafuti kauli, anatafuta mwenendo. Nauli ilikuwa ya kawaida au walikubaliana mgao? Namba ya abiria imo kwenye simu ya dereva, na waliongea mara ngapi siku hiyo? Namba ya pikipiki ilifunikwa? Taa zilizimwa? Alisimama mahali pa wazi au alijibanza? Na kubwa kuliko yote: alipozingirwa, alifanya nini? Aliyekaa pale pale akapiga kelele "jamani huyu kaja na mkoba simjui" ni tofauti na aliyejaribu kuwapenya.

Mleta mada, hilo la mwisho hujalisema.

Chura wa Bondeni #8

Na hatalisema hahaha.

Sura ya 16 #9

Asiseme! Kesi iko mahakamani. Ngalawa, usiweke tena hapa maelezo ya tukio. Mpe wakili. Sisi tujadili sheria.

Mwaka wa Tatu #10

Wakuu, mimi ni mwanafunzi, naomba kupinga kidogo #6. Kujua tu kunatosha, si lazima kutaka.

Kuna kesi ya Uingereza ya 1959, National Coal Board dhidi ya Gamble. Lori lilipakiwa makaa ya mawe, likafika kwenye mizani likakutwa limezidi uzito unaoruhusiwa kwa karibu tani nne. Mpima mizani akamwuliza dereva kama yuko tayari kuondoka hivyo hivyo. Dereva akasema atajaribu bahati yake. Mpima akamwandikia tiketi, lori likaingia barabarani. Mpima hakupata senti wala hakutaka lori livunje sheria, hakujali tu. Mwajiri wake akatiwa hatiani kwa kusaidia. Jaji Devlin akaeleza kwamba anayemwuzia mtu bunduki huku akijua itatumika kuua hawezi kujitetea kwamba yeye alitaka faida tu na mauaji hayamhusu.

Kwa hiyo dereva aliyejua na akasubiri kwa sababu anataka nauli yake tu, amesaidia.

Fundi Saa #11

Mwaka wa Tatu, umeisoma vizuri ila Uingereza haitufungi mikono. Halafu hata huko kwao kuna wanaoipinga hukumu hiyo. Kifungu chetu cha 22(1)(b) kimeandikwa "kwa kusudi la kumwezesha". Mpima mizani hakuwa na kusudi hilo, alikuwa na kusudi la kumaliza foleni.

Mwaka wa Tatu #12

Sawa, lakini (c) haina maneno "kwa kusudi la". Inasema tu anayesaidia au kutia nguvu. Kwa nini wabunge waandike viwili kama vina maana moja?

Fundi Saa #13

Hawakuandika wabunge wetu. Kanuni hizi za Afrika Mashariki zilikuja 1930, zikaondoa Kanuni ya Adhabu ya India iliyokuwa ikitumika, na chimbuko lake ni sheria ya Queensland, Australia, ya 1899. Fungua kifungu cha 20 cha Kenya au cha 19 cha Uganda, utaona ni ndugu wa tumbo moja na 22 yetu. Kwa hiyo usitafute siri ya mbunge wa Dodoma mle.

Na kusaidia bila kujua unachosaidia si kusaidia. Hilo halihitaji kuandikwa.

Kalamu Nyeusi #14

Wenzangu mnazungumzia mizani ya makaa wakati mfano mzito ulisikilizwa hapa hapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimhukumu Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana mwaka 2003, miaka 10, kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Hakutajwa kushika panga. Alichofanya ni kuwabeba washambuliaji wenye silaha kwenye gari lake hadi milima ya Bisesero huko Rwanda, na kuamuru paa la kanisa liondolewe ili watu wasipate pa kujificha. Rufaa ya 2004 ilipunguza baadhi ya mambo na kuongeza mengine, lakini hatia ya kusaidia ilibaki, na miaka 10 ikabaki.

Ni dereva huyo, wakuu.

Mpambe Nuksi #15

Kalamu, mtoto wa watu kabeba mkoba umemlinganisha na kimbari. Punguza moto.

Kalamu Nyeusi #16

Silinganishi uzito, nalinganisha kanuni. Kule kipimo kilikuwa hiki: msaada uwe na athari kubwa kwa kosa, na msaidizi ajue kwamba kitendo chake kinasaidia kosa hilo. Si lazima atake watu wafe. Mwaka wa Tatu yuko karibu na ukweli kuliko Fundi.

Sura ya 16 #17

Kalamu, hata kwenye mahakama hizo hawakuwa na kauli moja. Februari 2013 Jenerali Perišić wa Yugoslavia aliachiwa na mahakama ya rufaa ya The Hague, ile ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia, kwa sababu haikuthibitika kwamba misaada yake ya kijeshi ililenga mahsusi uhalifu. Septemba mwaka huo huo rufaa ya Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia, ikaamuliwa na mahakama maalumu ya Sierra Leone, wakakataa kabisa sharti hilo la kulenga, akabaki na miaka 50 yake. Januari 2014 mahakama ile ile ya The Hague nayo, katika kesi ya Šainović, ikaliacha sharti lile. Majaji wabobezi wamevutana ndani ya mwaka mmoja, sisi tutamaliza leo?

Binti Mapacha #18

Mimi nilikuwa nimejibanza nasoma tu. Swali: vipi mtu aliyesimama anaangalia? Mtaani kwetu mwizi alipigwa, tulikuwa watu wengi, wengine wanapiga wengine tunatazama. Polisi walipokuja walizoa waliowakuta. Binamu yangu alikaa ndani kituo kimoja siku kadhaa wakati hakurusha hata kokoto.

Sura ya 16 #19

Hilo ni suala la nia ya pamoja, kifungu cha 23. Watu wawili au zaidi wakiwa na kusudi moja haramu, na katika kulitekeleza likatokea kosa ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya kusudi hilo, kila mmoja amelitenda.

Kuna hukumu ya zamani ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, 1943, kesi ya Tabulayenka, na ilihusu watu waliompiga mtu aliyedaiwa kuwa mwizi. Mahakama ilisema si lazima wawe wamekaa kikao kabla. Nia ya pamoja inaweza kuonekana kutokana na kuwapo kwao, matendo yao, na kushindwa kwa yeyote kati yao kujitenga na kipigo.

Binti Mapacha #20

"Kushindwa kujitenga"?? Kwa hiyo mtazamaji naye?

Fundi Saa #21

Hapana, usimtishe dada wa watu. Kuwapo peke yake hakutoshi. Uingereza 1882, kesi ya Coney: watu walikutwa wanatazama pambano la ngumi lisilo halali, wakatiwa hatiani kwa kuwapo pale. Hukumu ikatenguliwa, kwa sababu baraza la raia wanaoamua kesi (jury) lilielekezwa kana kwamba kuwapo kwenyewe kunamaliza kesi. Kuwapo ni ushahidi mmoja wa kupimwa pamoja na mwingine. Tabulayenka iliwahusu watu waliokuwa ndani ya shambulio, si wapita njia.

Mwaka wa Tatu #22

Ila ukiwapo kwa hiari, ukaonyesha unaunga mkono, habari inabadilika. Mwaka 1949 mpiga saksafoni Mmarekani Coleman Hawkins alikwenda London bila kibali cha kufanya kazi. Mwenye jarida moja la jazi, bwana Wilcox, akampokea uwanja wa ndege, akaenda kumsikiliza akipiga, kisha akaandika habari nzuri jaridani. Akatiwa hatiani kwa kusaidia uvunjaji wa masharti ya uhamiaji. Hukumu ya rufaa ilitoka 1951. Mahakama ilisema angezomea, huenda ingekuwa vingine!

Mpambe Nuksi #23

Kwamba ukienda kwenye tamasha ukaona msanii hana kibali, uzomee kwa usalama wako. Nimekuelewa.

Chura wa Bondeni #24

Na aliyerekodi video ya kipigo akarusha mtandaoni na kicheko juu? Huyo mnamwachaje?

Afande Mstaafu #25

Inategemea. Aliyerekodi kimya anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko wote, na wapelelezi wanampenda. Anayesikika kwenye video yake mwenyewe akisema "ongeza, ongeza" ametutengenezea kesi bila gharama.

Binti Mapacha, binamu yako aliachiwa?

Binti Mapacha #26

Aliachiwa, hakufikishwa mahakamani. Ila kazi alipoteza.

Jirani Mwema #27

Naunga mkono wanaosema sheria hii ni kali mno. Ujerumani msaidizi anapunguziwa adhabu kwa lazima ya sheria, si kwa huruma ya jaji. Sisi mwenye kisu na aliyemshikia koti wanalala jela idadi sawa ya miaka.

Kalamu Nyeusi #28

Kweli, Jirani, lakini usisahau upande wa pili. Ujerumani hao hao walimtia hatiani Desemba 2022 bibi Irmgard Furchner, aliyekuwa mpiga chapa wa mkuu wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Stutthof tangu akiwa na miaka 18. Kusaidia mauaji zaidi ya 10,500, kwa kuandika barua na kupanga makaratasi ya kambi. Adhabu: miaka miwili ya nje, na alihukumiwa na mahakama ya vijana kwa sababu ya umri aliokuwa nao wakati huo. Mahakama yao ya juu ikathibitisha Agosti 2024. Wavu wao ni mpana ila adhabu inashuka. Wetu ni mpana na adhabu haishuki.

Dada Mpole #29

Samahani nitoke nje kidogo. Mimi sikumsaidia mtu kabla wala wakati wa kosa. Mdogo wangu alikuja usiku, akala, akalala, asubuhi akaniambia amefanya jambo baya na anataka nauli. Nilimpa. Mimi ni nani katika (a) mpaka (d)?

Sura ya 16 #30

Humo haumo. Nenda kifungu cha 387, msaidizi baada ya kosa: anayempokea au kumsaidia mtu anayemjua kuwa ametenda kosa, ili aepuke adhabu. Hili ni kosa linalojitegemea, lina adhabu yake, nayo ni ndogo mno ukilinganisha na ya kosa kuu. Kwa kesi za mauaji kipo kifungu chake, 213.

Chakula na kitanda ukiwa hujui si kosa. Kilichobaki usikiandike hapa, dada.

Dada Mpole #31

Hata kama ni damu yako?

Sura ya 16 #32

Sheria imewatoa mume na mke tu. Mke anayemficha mumewe hawi msaidizi baada ya kosa, na mume kwa mkewe vilevile. Mama, dada, mtoto, hawamo.

Mama Ukurasa #33

Hii siku zote naiona ya ajabu. Mke niliyemwoa juzi anaruhusiwa kunificha, mama aliyenizaa hapana? Aliyeiandika hakuwa na mama?

Mpambe Nuksi #34

Na mchepuko je? Naulizia rafiki.

Fundi Saa #35

Rafiki yako aoe. Japo kuna mtu anaweza kujaribu kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakasifika kuwa ni mume na mke, inadhaniwa kuwa wameoana. Sijaona ikitumika kumwokoa mtu kwenye 387, lakini wakili mwenye bidii atalisimamia.

Mama Ukurasa #36

Hiyo ni dhana tu na inapingika kwa ushahidi. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, italeta jirani mmoja aseme "mimi nilijua ni marafiki" na imekwisha. Na jaji atauliza kama dhana ya kumlinda mwanamke kwenye matunzo na mali ihamie kuficha majambazi.

Fundi Saa #37

Sheria haikusema "kwa ajili ya matunzo tu".

Mama Ukurasa #38

Wala haikusema "kwa ajili ya Kanuni ya Adhabu".

Chura wa Bondeni #39

Tumetoka kwenye bodaboda tumeingia chumbani. Turudini.

Nina nadharia yangu. Tuseme kijana hakujua chochote aliposimama. Amejua pale mtu aliporudi mbio na mkoba. Akaondoa. Hapo unyang'anyi ulishaisha. Basi hayumo kwenye 22, yumo kwenye 387. Miaka michache badala ya 30.

Sura ya 16 #40

Chura, leo umeniamsha. Hapa ndipo palipo na nyama. Swali ni unyang'anyi unaisha lini. Ukisema unaisha mkoba ulipotoka mkononi mwa yule mama, hoja yako inasimama. Ukisema bado unaendelea wakati mali inaondoshwa eneo la tukio na mama anapiga yowe nyuma, basi dereva aliyeondoa pikipiki amesaidia kosa likiwa linaendelea, hata kama alijua sekunde ile ile.

Mimi naelekea kwenye la kwanza, ingawa mwendesha mashtaka yeyote atapigania la pili.

Mwaka wa Tatu #41

Naongeza: hati haikumshtaki kwa 387. Kama Jamhuri imesimama kwenye 287A peke yake na ushahidi ukaonyesha alijua baadaye tu, je, hakimu anaweza kumhamishia kwenye kosa jingine? Kifungu cha 300 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo lililomo ndani ya lile kubwa. Lakini 387 si kipande cha unyang'anyi, ni kosa la aina nyingine. Ningekuwa wakili wake ningesema aachiwe kabisa.

Afande Mstaafu #42

Na mmesahau jambo la wazi kuliko yote. Huyo mtu alikuwa na panga, na yuko nyuma ya mgongo wako anakwambia ondoa. Wewe ungezima pikipiki umwulize kitambulisho?

Sura ya 16 #43

Kifungu cha 17, kulazimishwa. Kinakubalika pale ambapo muda wote wa kitendo ulitishiwa kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo na mwenzako katika kosa. Kitisho cha "nitakutafuta kesho" hakitoshi. Tatizo: utetezi huo haukai vizuri na "sikujua chochote". Ukimwambia hakimu hukujua, halafu ukamwambia ulilazimishwa, atakuangalia.

Chura wa Bondeni #44

Mbona vinakaa? Hakujua mpaka aliporudi. Aliporudi akalazimishwa.

Sura ya 16 #45

Vinakaa iwapo hivyo ndivyo alivyosema kwenye maelezo yake ya onyo kule polisi siku ya kwanza. Kama kule hakulitaja panga, leo litaonekana limezaliwa kizimbani.

Jirani Mwema #46

Kwani Uingereza si walishafuta hii habari ya nia ya pamoja mwaka 2016? Kwa nini sisi tunaing'ang'ania?

Mwaka wa Tatu #47

Hawakuifuta, Jirani. Kesi ya Jogee, Februari 2016. Mahakama yao ya juu kabisa ilisema sheria ilipotea njia tangu 1984, katika hukumu ya Chan Wing-Siu iliyotoka Hong Kong. Kabla ya Jogee, ukiona tu kwamba mwenzako huenda akaua, na bado ukaendelea naye kwenye uhalifu wa kwanza, unahesabiwa muuaji. Baada ya Jogee, kuona mbele ni ushahidi wa kwamba ulikusudia, si mbadala wa kukusudia. Jogee mwenyewe hakuenda nyumbani: alisikilizwa upya akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Kwetu kifungu cha 23 kimeandikwa kabisa "matokeo yanayotarajiwa". Jogee haiwezi kufuta maneno yaliyomo kwenye sheria. Bunge ndilo linaweza.

Kalamu Nyeusi #48

Kesi inayoniuma ni ya Derek Bentley. Novemba 1952, yeye na Christopher Craig walikwenda kuvunja ghala. Craig akampiga risasi polisi akafa. Wakati huo Bentley alikuwa tayari ameshikwa na polisi pale pale juu ya paa. Craig alikuwa na miaka 16, hakuweza kunyongwa, akafungwa na kutoka 1963. Bentley, 19, asiyefyatua chochote, akanyongwa Januari 1953. Hatia yake ilitenguliwa Julai 1998. Msaidizi alilipa kuliko mtendaji.

Mama Ukurasa #49

Tusiende mbali. Hapa kwetu kuna wasaidizi ambao watu hawawafikirii kabisa. Mwanafunzi wa shule akiozeshwa, Sheria ya Elimu baada ya marekebisho ya 2016 inamkamata pia anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo: faini isiyopungua milioni tano, au jela miaka mitano, au vyote. Mshenga yumo. Mjomba aliyepokea mahari yumo. Nawauliza, mpiga tarumbeta aliyelipwa kuja kupiga, akaona bibi harusi ni mtoto wa kidato cha pili, yumo?

Fundi Saa #50

Akijua, kwa mujibu wa Mwaka wa Tatu yumo. Kwa mujibu wangu hayumo, ndoa ingefungwa hata bila tarumbeta.

Mwaka wa Tatu #51

"Ingefungwa hata bila" si utetezi! Hata unyang'anyi ungetendeka kwa miguu bila pikipiki. Msaada hauhitaji kuwa wa lazima.

Fundi Saa #52

Basi fungeni na aliyeazima viti.

Mama Ukurasa #53

Ningeanza na huyo 😂

Na kwenye ubakaji wa kundi, 131A, kifungu kinasema wazi aliyetenda na aliyesaidia wote wamehesabiwa kubaka, na adhabu ni maisha. Mwanamke aliyefunga mlango kwa nje naye anaingia. Kuna watu hapa mtaani wanabisha kwamba mwanamke hawezi kushtakiwa kwa hilo.

Ngalawa Kavu #54

Wakuu, nimekaa kimya kama mlivyoelekeza. Naomba swali moja la sheria tu, si la tukio. Wakili ametudokeza kwamba yule mshtakiwa wa pili huenda akageuzwa kuwa shahidi wa Jamhuri. Inawezekana? Mtu aliyekuwa kwenye pikipiki hiyo hiyo?

Sura ya 16 #55

Inawezekana sana. DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anaweza kumfutia mashtaka chini ya kifungu cha 91 cha Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kisha akapanda kizimbani upande ule. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 142: mshiriki wa kosa ni shahidi halali, na hukumu haiwi batili kwa sababu tu imesimama kwenye ushahidi wake usioungwa mkono na mwingine. Hata hivyo mahakama kwa desturi hujionya kabla ya kumwamini mtu anayeokoa shingo yake, na hutafuta kitu kingine cha kumshikiza.

Akibaki mshtakiwa, hali ni nyingine. Maelezo yake ya kukiri yanaweza kuzingatiwa dhidi ya kijana, lakini kifungu cha 33(2) kinakataza kumtia mtu hatiani kwa hayo peke yake. Kwa hiyo kwa Jamhuri, huyo mtu ana thamani zaidi akiwa nje ya kizimba cha washtakiwa.

Chura wa Bondeni #56

Ndiyo maana nasema bodaboda wasipakie mshikaki. Mmoja anatoroka, mwingine anakuwa shahidi, dereva anabaki na pikipiki.

Afande Mstaafu #57

Ngalawa, mwambie wakili ajiandae kumhoji huyo shahidi juu ya jambo moja: mwenye mkoba aliporudi alikaa wapi. Kwenye mshikaki wa watatu, anayekaa katikati ndiye anayesikia dereva anaambiwa nini na kwa sauti gani. Kama yeye alikuwa katikati, hawezi kusema hakusikia kitisho. Kama alikuwa nyuma kabisa, mengi atakayosema kuhusu maneno yao ni ya kubuni.

Mwaka wa Tatu #58

Na panga lilikutwa wapi, Afande? Maana kama halikukamatwa, hata hiyo 287A ina kazi.

Sura ya 16 #59

Nimesema asijibu maswali ya tukio! Mwaka wa Tatu, njoo kisanduku cha ujumbe.